Kamante: Mgonjwa wa miguu aliyepewa mbwa awatunze

Wacha nianze na binamu yangu, kisha nikupeleke miaka mia moja nyuma.

Binamu alianguka na bodaboda kwenye barabara ya kutoka Mbita kuja Sindo. Mguu ukavunjika mahali pawili. Akalazwa hospitali moja mbali na nyumbani, wiki sita, chuma ndani ya mfupa, dari juu, ukuta kando. Sisi jamaa tulikuwa tunampigia simu kila jioni. Unajua alikuwa anauliza nini kwanza? Si bei ya omena, si mechi ya Gor, wala si mamake. Alikuwa anauliza Simba amekula.

Simba ni mbwa wake. Jina ni la kila mbwa wa pili huku kwetu, lakini huyu ana sikio moja lililokatika na tabia ya kumsindikiza binamu hadi ufuoni kila alfajiri. Nilimrekodi video akilala mlangoni pa nyumba ya mwenyewe, nikatuma. Binamu akacheka hadi akaumwa na mbavu. Kesho yake, ati ndiyo siku aliyokubali kushika magongo na kujaribu kusimama. Sisemi ni video iliyomponya. Nasema tu siku ni ile.

Hapo ndipo nilianza kusoma habari za mbwa wanaopelekwa hospitalini kuwaona wagonjwa. Ndiyo, kuna nchi ambako mbwa anaingia wadi na kitambulisho shingoni kama daktari. Nilidhani ni mambo ya wazungu tu. Kumbe hadithi moja inayokaribia sana hiyo ilitokea hapa hapa Kenya, na mwenyewe ni mtu ambaye pengine umemwona kwenye filamu bila kushika jina lake. Anaitwa Kamante Gatura.

Tulia nikuhadithie.

Kijana wa mbuzi

Kamante alikuwa mtoto wa Mkikuyu aliyekuwa akiishi kwenye shamba la kahawa chini ya milima ya Ngong. Shamba lilikuwa la Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyefika Kenya mwaka wa 1914. Lilikuwa na ekari kama 6,000. Leo ukipita mtaa wa Karen na mageti yake makubwa, hapo ndipo palipokuwa.

Na kabla hujaanza kuona mambo ni matamu, kumbuka mpango ulivyokuwa. Wakikuyu waliokuwa wakiishi humo waliitwa maskwota, kwenye ardhi ambayo wengi wao wazazi wao walizaliwa hapo hapo kabla mzungu hajafika. Ili uruhusiwe kulima kipande chako na kujenga nyumba, ulilazimika kumfanyia mwenye shamba kazi siku kadhaa kila mwaka. Kwa hivyo Kamante alizaliwa mgeni kwao nyumbani. Hilo liweke akilini tunapoendelea.

Siku moja Blixen akipita na farasi kwenye mbuga ya shamba alimkuta Kamante akichunga mbuzi wa familia. Mtoto alikuwa amekonda vibaya, kichwa kikubwa, mikono na miguu kama vijiti, na miguu yote kuanzia mapajani hadi visiginoni imejaa vidonda vinavyotoa usaha. Ukimwangalia ungesema ana miaka sita, lakini alikuwa na mdogo wake aliyeonekana mkubwa kumshinda. Pengine alikuwa na tisa, ugonjwa umemzuia kukua.

Kilichomshtua Blixen si vidonda peke yake. Ni jinsi mtoto alivyokuwa amejifungia ndani. Hakutarajia chochote kutoka kwa mtu yeyote. Alikuwa amezoea kuumwa peke yake, na ukimgusa kidonda hata uso haukunji.

Kama umewahi kuuguza mtu aliyeumia vibaya, huo uso unaujua. Binamu yangu alikuwa nao wiki ya kwanza.

Miezi mitatu wadini

Blixen alikuwa na kawaida ya kutibu watu wa shamba kila asubuhi nje ya nyumba yake. Hakuwa daktari. Alikuwa na dawa za kawaida, kozi fupi ya huduma ya kwanza na ujasiri mwingi, mchanganyiko ambao wakati mwingine ulisaidia na wakati mwingine hapana. Alimwambia Kamante aje kutibiwa, na Kamante akaja, siku baada ya siku, bila kukosa na bila kulalamika. Vidonda havikupona. Vikipungua huku vinatokea kule.

Mwishowe ikabidi apelekwe hospitali ya misheni ya Waskoti kule Kikuyu. Ni ile ile ambayo leo inaitwa PCEA Kikuyu, inayojulikana nchini kwa matibabu ya macho na mifupa. Kamante hakutaka kwenda. Huyu mtoto ambaye hakuogopa maumivu, alipoingizwa kwenye wadi ndefu yenye vitanda na watu asiowajua, alianza kutetemeka.

Ukifikiria, hofu yake ilikuwa na maana. Nyumbani alikuwa na mbuzi, mama, ndugu, moshi wa jikoni, mbwa wa jirani wakibweka usiku. Wadini hakuna hata kimoja. Akakaa humo miezi mitatu.

Sasa fika hapa usome polepole, kwa sababu hili ndilo tukio lililonifanya niandike.

Katika hiyo miezi mitatu yote, Blixen alimwona mara moja tu. Alikuwa anaelekea stesheni ya treni ya Kikuyu akiwa juu ya farasi wake, na barabara inapita kando ya uwanja wa hospitali. Akamwona Kamante amesimama peke yake, mbali kidogo na wagonjwa wengine waliokuwa wameota jua. Kamante naye akawaona. Akaja mbio hadi kwenye ua. Kisha akaanza kukimbia sambamba na farasi, yeye ndani, farasi nje, hadi ua ukaisha. Hakutamka neno. Na macho hayakuwa kwa mama mzungu. Yalikuwa kwa farasi.

Pale pembeni akasimama, hakuna pa kwenda. Blixen akageuka nyuma na kumpungia mkono. Kamante kimya. Akapungiwa tena. Ndipo mkono wa mtoto ukapanda juu ghafla, mara moja tu, ukashuka.

Hebu niambie, wewe unaona nini hapo? Mimi naona mtoto ambaye miezi michache tu nyuma alikuwa akijikokota na vidonda nyuma ya mbuzi, na sasa anakimbia. Dawa za hospitali zilikuwa zimefanya kazi yake, hilo hatubishani. Lakini kumponya mtu miguu ni kitu kimoja, na kumpa sababu ya kuitumia ni kingine. Siku hiyo sababu ilikuwa mnyama kutoka nyumbani anayepita barabarani.

Arudi Pasaka

Alirudi shambani asubuhi ya Jumapili ya Pasaka, na barua kutoka hospitali mkononi. Miguu ilikuwa imefungwa bandeji kuanzia kisiginoni hadi gotini. Blixen alishuka moyo, akadhani bado.

Kumbe kijana alikuwa amepanga drama. Alisubiri hadi kila mtu ametazama, kisha akaanza kufungua bandeji moja moja, taratibu, kama mtu anayefungua zawadi. Chini yake kulikuwa na miguu miwili laini iliyopona, makovu ya kijivu tu yamebaki. Baada ya hapo ndipo akatangaza jambo la pili, kwamba sasa ni Mkristo.

Na sasa swali likaja: huyu mtoto aliyepona afanye nini? Kurudi kwa mbuzi? Blixen akamwajiri nyumbani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunza mbwa. Wazungu wa wakati huo walikiita cheo hicho toto wa mbwa.

Mbwa wenyewe hawakuwa wa mchezo. Walikuwa wa aina ya Scotland inayofugwa tangu zamani kuwinda paa: warefu kama ndama, wembamba, manyoya ya kijivu yaliyosimama ovyo. Wa kwanza aliitwa Dusk, zawadi ya harusi ya Blixen iliyosafiri naye. Mwanawe Dusk, aliyeitwa Pania, alikuwa mchekeshaji wa nyumba. Kuwalisha, kuwaogesha, kuwatoa kupe na kutembea nao ni kazi ya kutwa. Kwa mtoto aliyetoka kulala kitandani miezi mitatu, ilikuwa pia mazoezi ya viungo, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo. Mbwa mkubwa hakuulizi kama unajisikia kutembea leo.

Baadaye akaongezewa Lulu. Huyu alikuwa pongo mdogo jike aliyeletwa nyumbani akiwa bado ananyonya. Kamante ndiye aliyempa maziwa kwa chupa asubuhi na jioni, na kumfungia usiku chui wasimpate. Lulu alimfuata kila mahali. Akicheleweshwa maziwa, alikuwa anampiga Kamante kichwa kwenye miguu yake myembamba. Fikiria hiyo picha. Miguu ile ile ambayo mwaka uliotangulia hakuna aliyeweza kuigusa, sasa inapigwa vichwa na mtoto wa pongo, na mwenye miguu anaendelea na kazi.

Kutoka kwa mbwa hadi kwa wagonjwa

Hapa ndipo hadithi inapinduka kwa njia ambayo sikutarajia. Baada ya mbwa, Kamante akawa msaidizi wa Blixen kwenye ile kliniki ya asubuhi. Mgonjwa akawa muuguzi. Ikaonekana ana mikono mizuri: mtulivu, haharakishi, anajua bandeji inavyoumiza ikivutwa vibaya. Angejuaje? Alikuwa ametolewa mamia.

Baada ya kliniki, jikoni. Mpishi wa zamani alipofariki, Kamante alipewa nafasi. Akatumwa Nairobi kujifunza, hata kwenye jikoni ya Klabu ya Muthaiga, mahali ambapo Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma pekee. Akawa mpishi ambaye wageni walikuwa wanasafiri kuja kula chakula chake. Hakujua kusoma wala kuandika, kwa hivyo mapishi yote aliyahifadhi kichwani. Mchuzi aliupa jina la jambo lililotokea siku alipofundishwa: mmoja ni wa ile radi iliyopiga mti, mwingine ni wa yule farasi aliyekufa. Yeye mwenyewe hakuvutiwa sana na vyakula hivyo. Alipendelea mahindi ya kwao.

Mwaka wa 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Nane, alikula meza hiyo. Mpishi alikuwa Kamante. Kutoka usaha hadi mezani pa mwana wa mfalme, kwa miaka isiyofika kumi. Wasee wa hasla, hebu tafakarini.

Shamba lafilisika

Lakini usidhani iliishia vizuri. Kahawa ilikuwa imepandwa mahali palipo juu mno, mvua ikakosa, bei ikaanguka. Mwaka wa 1931 shamba liliuzwa na Blixen akarudi Denmark, asirudi tena. Maskwota waliambiwa waondoke. Mbwa waliogawiwa marafiki. Kamante akabaki bila kazi, na ujuzi wa mapishi ambao waajiri wapya hawakuujali sana.

Alimtumia Blixen barua kwa kumlipa mwandishi wa barua wa kule posta, yule anayekaa nje na kalamu na wino. Aliandika akimwomba arudi, akimkumbushia wanyama na watu wa zamani. Barua zenyewe zilikuwa na makosa ya lugha, lakini hakuna aliyezisoma asielewe.

Mwaka wa 1937 Blixen alichapisha kitabu kuhusu shamba hilo, na sura ya kwanza kabisa baada ya kuelezea mahali ni ya Kamante. Dunia ikamjua. Yeye mwenyewe hakufaidika na umaarufu huo kwa miaka mingi. Na tuseme ukweli: tunamjua kupitia macho ya mwajiri wake, mwanamke aliyempenda lakini aliyeandika pia kumhusu kama mtu anayechunguza kiumbe wa ajabu. Ndiyo maana nilifurahi nilipogundua kwamba mwaka wa 1975 simulizi zake mwenyewe zilitoka kitabuni, zikikusanywa na mpigapicha Mmarekani Peter Beard. Humo Kamante anazungumza, na anachora. Na anachora nini? Wanyama.

Alifariki mwaka wa 1985. Mwaka huo huo ile filamu ya Hollywood kuhusu shamba ikatoka, ikaenda kushinda tuzo 7 za Oscar. Kamante wa filamu aliigizwa na kijana. Kamante wa kweli alikuwa mzee ambaye hakupata nafasi ya kuona dunia nzima ikimtazama.

Kwani wengine walijua hili?

Walijua, kwa njia zao. Florence Nightingale, muuguzi wa askari waliojeruhiwa katika vita vya Crimea, aliandika tangu mwaka wa 1859 kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mzuri wa mgonjwa, hasa aliyelazwa muda mrefu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mbwa mdogo aitwaye Smoky alikuwa akipitishwa vitandani mwa askari waliojeruhiwa upande wa Pasifiki. Mtaalamu wa saikolojia wa New York, Boris Levinson, aliona mtoto asiyeongea akianza kufunguka mbwa wake Jingles akiwa chumbani. Alipowaeleza wenzake, baadhi walimcheka. Mwaka wa 1976 muuguzi Mmarekani, Elaine Smith, akaanzisha shirika la kuwapeleka mbwa hospitalini kwa utaratibu.

Leo watafiti wameona kwamba ukimpapasa mbwa mtulivu, wasiwasi hushuka, na hata presha inaweza kushuka kidogo. Haigandi mfupa. Haiondoi usaha. Inafanya kazi ile ndogo ya kumrudisha mtu kwenye mwili wake.

Na sisi huku Sindo?

Najua unachofikiria. Mbwa wa kwetu aingie wadi? Apite kati ya vitanda na kupe wake? Hapana, na sikuambii umwingize kwa mlango wa nyuma. Mbwa wanaoingia hospitalini huko nje wamechanjwa, wameogeshwa, wamefunzwa kutoruka, hawakaribishwi penye vidonda vilivyo wazi, na kila anayewagusa ananawa mikono. Kwetu bado tuna kichaa cha mbwa, na karibu visa vyote vya binadamu hutokana na kuumwa na mbwa. Kwa hivyo hatua ya kwanza si wadi. Ni chanjo. Siku afisa wa mifugo akitangaza chanjo sokoni, mpeleke mbwa wako. Na ukiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje.

Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji shirika wala pesa. Ukiwa na mtu amelazwa, muulize anamkosa nani nyumbani, na usishangae jibu likiwa na miguu minne. Tuma video. Muulize muuguzi kama mgonjwa anaweza kutolewa nje apate jua. Na akisharudi nyumbani na magongo, usimfungie chumbani kama yai. Mpe kitu cha kutunza, hata kama ni kifaranga.

Binamu yangu, wiki ya tano, alikuwa anaruhusiwa kukaa nje karibu na ua wa nyaya. Sitasema nani alimpandisha Simba kwenye matatu, wala konda alilipwa ngapi kunyamaza. Mbwa alikuwa amechanjwa, nina kadi. Tulisimama nje ya ua, upande wa barabara.

Simba alimwona kwanza. Alianza kulia ile sauti nyembamba, mkia ukimpiga mwenyewe mbavuni. Binamu akashika magongo, akainuka bila kusaidiwa, akatembea kando ya nyaya hatua moja moja hadi pembeni pale ua unapoishia. Simba naye akatembea upande wetu, taratibu, akimngojea kila hatua.

Nilihesabu. Hatua 31. Asubuhi ile alikuwa amekataa kupiga hata kumi.